Udongo mweusi uani: tuuchimbe, tuufunike, au tuuze lupango?

Swali la msomaji

"Tulinunua lupango (kiwanja) lenye nyumba ya zamani upande wa Penga Penga, hapa Lubumbashi, mita 20 kwa 25. Tunataka kubomoa, tujenge nyumba yetu pamoja na vyumba vinne vya kupangisha. Udongo wa uani ni mweusi, majani hayaoti, na ukichimba kidogo unakuta mawe meusi yanayong'aa kama chupa. Majirani wanasema mwenye nyumba wa kwanza alikuwa akihifadhi mifuko ya madini katika kibanda cha nyuma. Mwashi wetu anasema tusiogope: tumwage chokaa, tulete kamio (lori) tatu za udongo wa kichuguu, na ule wa juu tumpe fundi wa matofali anayeuhitaji. Tuna watoto watatu, mdogo ana mwaka mmoja na nusu, na mke wangu ana mimba ya miezi minne. Kuna kisima na mwembe mkubwa. Je, tumenunua sumu? Tuuze? Na ni kweli kwamba maziwa yanatoa risasi (ile metali, ledi) mwilini mwa mtoto?"

Jibu la mtaalamu

Baba, hofu yako ina msingi. Lakini usiuze lupango kwa sababu ya hofu, wala usilifuate shauri la mwashi wako jinsi lilivyo. Lupango kama hilo linaweza kukaliwa na watoto kwa usalama kazi ikifanywa kwa mpango. Linaweza pia kuwadhuru kuliko linavyowadhuru leo, mkibomoa na kuchimba mwezi wa nane, vumbi likapaa, kisha udongo ukagawiwa mtaani.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kiliwashwa mwaka 1911. Kwa miaka mingi sana, kwanza chini ya kampuni ya Union Minière, baadaye chini ya kampuni ya Gécamines, moshi wa ile shemine kubwa (bomba la moshi) ulibeba vumbi laini la shaba, zinki, risasi, kobalti, kadmiamu na aseniki. Upepo wetu wa kawaida hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi lilianguka zaidi upande wa kaskazini-magharibi, na Penga Penga imo humo. Metali haiozi. Kilichoanguka wakati wa babu zetu bado kipo, na sehemu kubwa kimebaki katika sentimita 20 au 30 za juu, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi na mboji hukishika. Mawe meusi yanayong'aa ni jambo la pili. Hayo ni skori, mabaki yaliyoyeyuka ya kiwandani, ambayo watu wengi waliyatumia kujazia uani na njia. Kibanda cha madini ni jambo la tatu. Kwa hiyo una vyanzo vitatu, na havitibiwi kwa namna moja.

Watu wengi huangalia majani. Yakikosa kuota wanasema hapa pana sumu. Mboga zikistawi wanasema hapa pazuri. Ishara hiyo inadanganya pande zote mbili. Kinachoua majani hapo ni shaba kwanza, kwa sababu mizizi haiivumilii shaba nyingi katika udongo mchachu kama wetu. Mwili wa mtu, kinyume chake, una njia ya kuitoa shaba iliyozidi. Kinachomdhuru mtoto ni hasa risasi, kisha kadmiamu na aseniki, na hizo zinaweza kuwa nyingi mahali ambapo lengalenga (mchicha) inaota vizuri kabisa. Uani mtupu una hatari kwa sababu nyingine: hakuna kinachozuia vumbi.

Sumu hii haipenyi ngozi ya mguu wala haipandi kutoka chini ya sakafu kama mvuke. Inaingia hasa kwa mdomo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hutambaa, huchezea chini, kisha hutia vidole mdomoni, na kwa njia hiyo humeza kama miligramu 100 za udongo na vumbi kwa siku, wengine 200. Udongo ukiwa na miligramu 1,000 za risasi kwa kilo, zile miligramu 100 zinampa maikrogramu 100 za risasi kila siku. Mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi ya risasi anayomeza. Mtoto mdogo anaweza kufyonza karibu nusu, na akiwa na upungufu wa chuma au kalsiamu hufyonza zaidi. Risasi humharibia ubongo unaokua, na hadi leo hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama. Kwa mke wako, risasi hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto aliye tumboni. Na ile iliyojificha katika mifupa ya mama tangu utotoni hurudi katika damu wakati wa mimba, hasa akikosa kalsiamu. Kama ana hamu ya kula udongo wa kichuguu au pemba (ule udongo mweupe), kama mama wengi wajawazito hapa kwetu, mwombe kwa upole auache kabisa, na amweleze mkunga ili apimwe damu, maana hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa chuma.

Basi kazi yote ya shantie yako (mahali pa ujenzi) inarudi kwenye jambo moja: ule udongo usiwe vumbi, usiguswe na mkono wa mtoto, na usiende kwa mtu mwingine.

Chokaa ina kazi yake, ila siyo hii. Inapunguza uchachu wa udongo, na pH (kipimo cha uchachu) ikifika kati ya 6.5 na 7, shaba, zinki na kadmiamu haziyeyuki sana katika maji ya udongo, mimea inaanza kuvumilia. Kwa kupanda majani, kilo moja ya chokaa ya kilimo kwa mita tatu au nne za mraba, ikichanganywa na mbolea ya samadi iliyooza, inasaidia kweli. Lakini risasi inabaki palepale, na mtoto akiimeza, tumbo lake lina asidi kali inayoiyeyusha upya. Aseniki nayo haifuati njia hiyo: chokaa ikizidi, inaweza kutembea zaidi badala ya kutulia. Na ile chokaa ya waashi inachoma macho na ngozi. Usiimwage uani watoto wakiwepo.

Kamio tatu je? Kamio ya kawaida inabeba kama mita za ujazo 7. Tatu ni 21. Ukiondoa majengo ya mita 200 za mraba, unabaki na uani wa 300. 21 zikitandazwa juu yake ni sentimita 7. Ukishindiliwa unakuwa 5 hivi, na baada ya misimu miwili ya mvua, kuku, ufagio na miguu ya wapangaji, ule mweusi unatokea tena. Fedha yako imepotea.

Shauri la fundi wa matofali ndilo baya kuliko yote. Sentimita za juu za udongo wako ndizo zenye sumu nyingi. Katika tanuru, kadmiamu na aseniki hutoka na moshi, na sehemu ya risasi pia. Anayechochea moto ndiye anayevuta kwanza, majirani wanafuata. Usimpe. Usiumwage kwenye mashimo ya barabara, wala kando ya mto Lubumbashi, wala kwa jirani anayejazia kiwanja chake.

Kabla ya kununua mfuko mmoja wa sima (saruji), pima. Gawanya lupango katika sehemu tano: chini ya ukingo wa mabati, ambako mvua hushusha vumbi la paa, mahali watoto wanapocheza, panapopandwa mboga, upande wa geti, na kibanda cha madini peke yake. Katika kila sehemu chukua vijiko 10 kutoka sehemu 10 tofauti, kina cha sentimita 2 tu za juu, changanya katika beseni safi la plastiki, kausha kivulini, weka gramu 500 katika mfuko mpya na uandike jina la sehemu. Usitumie ndoo ya bati, kwa sababu imepakwa zinki na itaharibu kipimo. Kisha chimba mashimo matatu mahali msingi utakapopita, chukua udongo wa sentimita 30 hadi 50, ili ujue kama uchafu umeishia juu au kuna tabaka la skori limezikwa. Chukua pia chupa mbili za maji ya kisima. Omba kipimo cha risasi, aseniki, kadmiamu, shaba, kobalti, zinki na pH. Kwa kibanda ongeza yuraniamu, kwa kuwa madini ya kobalti ya Katanga wakati mwingine huwa nayo. Anza kuuliza katika Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambako udongo wa Penga Penga umefanyiwa utafiti, au laboratwari ya OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa.

Kuna mtego hapa unaowapata wengi. Laboratwari nyingi za mji wetu zimezoea mawe ya madini na hutoa jibu kwa asilimia. Jibu la "risasi 0.0" linatuliza moyo, lakini asilimia 0.04 ni miligramu 400 kwa kilo, na ikipunguzwa hadi tarakimu moja inaonekana sifuri. Sema kabla hujalipa: unataka jibu kwa miligramu kwa kilo, na kipimo kiweze kuona risasi chini ya 50.

Jibu likija, lisome hivi kwa risasi. Ufaransa huanza kuwa macho wastani wa udongo unapofika 100, na kwenye 300 hushauri watoto wanaokaa hapo wapimwe damu. Marekani ilitumia 400 kwa miaka mingi kwa uani wa watoto, kisha mwaka 2024 ikashusha hadi 200. Kwako mimi ningeshika hivi: chini ya 100, endelea na ujenzi wa kawaida na majani uani. Kati ya 100 na 300, funika panapochezewa na usipande mboga za majani. Juu ya 300, funika uani wote kama nitakavyoeleza. Ikipita 1,000 sehemu kubwa ya lupango, au ikiwa uchafu umezidi nusu mita kwenda chini, usianze bila mtu wa kazi hii kufika kuona kwa macho.

Sasa tuhesabu kuhusu kuondoa na kubadilisha, maana ndiyo njia inayoonekana safi. Kuondoa sentimita 30 kwenye uani wa mita 300 ni mita za ujazo 90. Udongo ukichimbwa huvimba kwa robo hivi, unakuwa 112, yaani safari 16 za kamio. Kisha safari nyingine kama hizo kuleta udongo mzuri. Na swali gumu linabaki: zile kamio 16 zinakwenda wapi? Kama mwenye kamio hawezi kukuonyesha karatasi ya mahali rasmi panapopokea, atamwaga mahali watoto wa wengine wanachezea. Kwa sababu hiyo, na si kwa bei tu, ninakushauri ubakize udongo kwako na uufungie chini. Ni njia halali ya kitaalamu inayotumika pia katika nchi zenye fedha nyingi, ila ina sharti: kifuniko lazima kitunzwe maisha yote ya nyumba.

Kuna mahali pamoja ambapo kuondoa kunafaa, nako ni kibanda. Sakafu ya mita 3 kwa 4, ukikwangua sentimita 20, ni mita 2.4 za ujazo. Hiyo ni kidogo, na huenda ndiyo yenye sumu kuliko lupango lote. Lowesha, kwangua kwa sepeu (sepeto), tia katika mifuko miwili miwili, funga, weka juu ya bashi (turubai) na funika kwa bashi. Peleka majibu ya kipimo kwa ofisi za mkoa za mazingira na za madini zikuonyeshe pa kuipeleka. Usiioshe mtoni kutafuta shaba iliyobaki, na usimwuzie mtu wa kuitwanga nyumbani kwake.

Kuhusu mengine yote, kila kitu kinaanza na kimo cha sakafu, na hapa ndipo mafundi wengi wanakosea kwa sababu wanafikiria kifuniko wakati nyumba imeshasimama. Uani ukipanda sentimita 30 na sakafu imebaki chini, mvua ya mwezi wa kwanza itaingia sebuleni. Kwa hiyo amua leo: sakafu iwe sentimita 50 juu ya udongo wa sasa. Msingi wa mita 80, upana nusu mita, kina sentimita 80, unatoa mita za ujazo 32, zikivimba 40. Ndani ya kuta za msingi una mita za mraba 200 za kujaza. Udongo wote uliochimbwa unaingia humo: unakuwa tabaka la sentimita 16 hadi 20. Toa kwanza mizizi, majivu na takataka, tandaza kwa tabaka mbili, lowesha, shindilia kila tabaka hadi kisigino kisiache alama, la sivyo sakafu itashuka na kupasuka. Juu yake weka sentimita 20 za lateriti safi au kokoto, kisha plastiki nene, kisha dale (bamba la sakafu) ya zege ya sentimita 10. Hiyo ni 50 kamili, na huna kamio hata moja iliyotoka getini. Skori nazo zitandaze humo humo, nzima. Zikiwa vipande vikubwa, metali yake imefungwa ndani kama ndani ya chupa. Ukizitwanga kuwa mchanga wa zege unazifungua, basi usizitwange.

Mifereji ya maji na ya choo chimba mapema, pana kidogo, halafu zungushia bomba mchanga safi. Siku bomba litakapovuja miaka 10 ijayo, fundi atachimba mchanga, hatafufua udongo mweusi uani.

Uani wenyewe ugawe. Mita 100 za mraba zinazozunguka milango, jiko la nje na mahali pa kufulia, mwaga zege la sentimita 10: ni mita za ujazo 10, kama mifuko 60 ya sima ya kilo 50. Hapo ndipo watoto na wapangaji wanakaa muda mwingi, kwa hiyo fedha yako ianzie hapo. Zile 200 zilizobaki zipate sentimita 30 za udongo safi ulioshindiliwa. Ni mita za ujazo 60 mahali pake, ila agiza 75, karibu kamio 11. Kabla ya kuumwaga, tandaza juu ya udongo wa zamani wavu wa rangi kali au mifuko ya nailoni iliyopasuliwa. Haizuii sumu, ni onyo kwa atakayechimba baadaye, akiifikia ajue asimame. Juu panda ukoka mvua zinapoanza, vipando kila sentimita 20, na samadi. Mimea ya milima ya shaba, kama yale majani madogo Microchloa altera yaliyojaribiwa Penga Penga, inaweza kuota juu ya udongo mchafu wenyewe na kuzuia vumbi, na ni kazi nzuri kwa maeneo makubwa yaliyo wazi. Lakini haitoi metali kwa kiasi cha maana, na haitoshi kuwa uwanja wa mtoto.

Udongo safi nao uutafute kwa uangalifu. Kichuguu ni wazo zuri, kwa sababu mchwa huleta udongo kutoka chini na una pH nzuri kuliko wetu wa kawaida, lakini kitoke mbali na njia ya moshi na mbali na machimbo. Nenda mahali unapochotwa, chukua sampuli, pima kabla ya kulipa. Kifusi chochote chenye madoa ya kijani ni malakiti, jiwe la shaba, kirudishe. Ni huzuni kuona mtu amenunua kamio 11 za mabaki ya mgodi kufunika uchafu wa shemine.

Wakati wa kazi ni muhimu kama kazi yenyewe. Mwezi wa nane na wa tisa udongo wetu ni unga na upepo ni mkali, usiguse. Katikati ya mvua kubwa, maji yatauchukua hadi kwa jirani. Mwezi wa nne ukielekea wa tano, mvua zinapoisha na ardhi bado ina unyevu, ndio wakati mzuri. Familia isikae hapo wakati wa kubomoa na kuchimba, hasa mama na yule mdogo, hata kama ni kuhamia kwa ndugu kwa wiki sita. Lowesha kabla ya kila jembe, kama lita moja au mbili kwa mita ya mraba, udongo uwe na unyevu bila kuwa tope, na rudia ukikauka. Lundo lolote lilalalo nje lifunikwe kwa bashi na kuzungushiwa ukuta mdogo wa udongo. Wafanyakazi wawe na maji, sabuni na nguo za kazi zinazobaki shantie, zisiende kwa watoto wao. Wasile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa. Barakoa ya FFP2, ile inayochuja vumbi laini, inasaidia, kitambaa usoni hakitoshi.

Nyumba yenyewe ichunguze kabla ya nyundo. Rangi za zamani huwa na risasi: usizikwangue zikiwa kavu na usizichome, ng'oa milango na madirisha mazima. Kama paa ni bati za saruji za zamani, zile za kijivu zenye mawimbi, zichukulie kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, hadi zipimwe. Usizivunje, usizikate, na tafuta mwenye ujuzi wa kuzishusha.

Kisima: Shirika la Afya Duniani linataka risasi na aseniki zisizidi maikrogramu 10 kwa lita, kadmiamu 3, na shaba miligramu 2. Kuchemsha hakutoi metali. Maji yanapungua na metali inabaki, kwa hiyo kunaikoleza. Klorini pia haisaidii hapa. Hadi majibu yaje, tumieni kisima kwa kufua na kulowesha udongo, na ya kunywa na kupikia mchote kwingine. Mdomo wa kisima uinuliwe nusu mita juu ya uani mpya, na usizike udongo mchafu katika shimo lolote, maana maji ya chini hupanda wakati wa mvua na yatalifikia.

Mboga: kadmiamu ndiyo inayopanda kwa urahisi hadi kwenye majani, na risasi hukaa juu yake kama vumbi. Lengalenga, sombe (majani ya muhogo) na shu (kabichi) zipandwe katika tuta lililoinuliwa lenye sentimita 60 za udongo uliopimwa, au zinunuliwe kutoka mahali unapopajua.

Sasa watoto. Maziwa hayaoshi risasi. Mtoto mwenye kalsiamu na chuma cha kutosha hufyonza kidogo kuliko mwenye njaa, kwa hiyo maziwa, dagaa, maharagwe na kutokwenda kucheza bila kula asubuhi ni kinga ndogo ya kweli. Lakini risasi iliyokwisha kuingia haitoki kwa kikombe cha maziwa, na mtu asikuuzie dawa ya kusafisha damu mtaani. Kama wamekuwa wakicheza hapo, mpelekeni mdogo apimwe risasi ya damu, kwa damu ya mshipa. Ile ya kuchoma kidole huonyesha uongo mkono ukiwa na vumbi. Kuanzia maikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kinatafutwa na kuondolewa. Kuanzia 45, mtoto hutibiwa hospitalini kwa dawa maalumu, na hata hapo dawa haina faida akirudi kwenye udongo uleule. Degedege, kutapika kusikokoma, usingizi usio wa kawaida au maumivu makali ya tumbo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Hapa kwetu degedege hupewa jina la malaria mara moja, kwa hiyo mwambie daktari kuhusu udongo, usingoje aulize.

Ndani ya nyumba mnayokaa sasa, viatu vibaki mlangoni, sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Hilo halina gharama na linaanza leo jioni.

Kifuniko kikikamilika, chora lupango kwenye karatasi: udongo mchafu uko wapi, kina gani, mabomba yanapita wapi. Kiweke pamoja na hati ya lupango, na mpangaji asichimbe shimo la takataka bila kukuuliza. Ukiamua kuuza, sasa au baadaye, mwonyeshe mnunuzi majibu ya kipimo. Naye ana watoto.

Mwembe usiukate. Risasi haifiki kwenye tunda kwa kiasi cha kutisha. Vumbi la juu ndilo la kuoshwa, na ganda limenywe kwa kisu badala ya meno. Ila usimwage sentimita 30 za udongo juu ya shina lake, utaoza. Uuzungushie matofali duara ya mita moja na nusu kutoka kwenye shina, ndani yake weka kokoto safi, na watoto wapate kivuli chao juu ya zege, upande wa jiko.